Kwa Nini Vifaa vya Siku Hizi Havidumu

Televisheni bapa ikipoteza picha huku sauti ikiendelea, usikimbilie dukani. Zima taa za chumbani, washa tochi, imulike karibu kabisa na kioo. Ukiona vivuli vya watu vikitembea, kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma yake. Taa hizo huunganishwa kwa mfululizo, umeme ukipita moja baada ya nyingine, kwa hiyo ikikatika moja tu mstari mzima unalala. Balbu nyingi za LED za nyumbani nazo hufa hivyohivyo.

Kifaa cha siku hizi, basi, hakichakai chote kwa pamoja. Huuawa na kiungo kimoja cha bei ndogo.

Wengi huamini viwanda hufanya hivyo makusudi, na imani hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Walikubaliana balbu isizidi takriban saa 1,000, na aliyetengeneza inayodumu zaidi alitozwa faini. Hata hivyo, ukifungua bodi iliyoungua, mara nyingi huoni hila ya namna hiyo. Unaona alama za joto, na vipuri vilivyochaguliwa ili bei ishuke.

Chukua kapasita, yale makopo madogo ya aluminiamu yanayosawazisha umeme ndani ya kifaa. Ndani yake mna kimiminika, na joto hukikausha polepole hadi kopo livimbe kichwa au lipoteze nguvu kimyakimya. Kapasita ya kawaida huandikwa nyuzi 105, na kiwandani hupewa uhai wa saa 2,000 katika joto hilo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likishuka kwa nyuzi 10, uhai huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo kwenye nyuzi 75 inapata kama saa 16,000. Zinasikika nyingi, lakini king'amuzi kisichochomolewa usiku wala mchana huzimaliza kabla ya miaka 2. Kiwanda kingeweza kuweka kapasita ya saa 10,000 kwa kuongeza fedha kidogo tu. Tatizo ni kwamba kidogo hicho huzidishwa kwa mamilioni ya vifaa, na mnunuzi dukani haulizi habari za kapasita. Anauliza inchi ngapi na bei gani.

Huku pwani mambo huwa mabaya zaidi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa tayari kina joto, halafu televisheni inabanwa ndani ya kabati, matundu ya hewa yakitazama ukuta. Hewa ya chumvi hula miguu ya vipuri. Umeme ukiwa mdogo, bodi ya umeme huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kufidia, na hapo joto hupanda tena. Ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, kipuri kilichokuwa taabani humalizwa palepale. Ndiyo maana fundi wa friji husisitiza kifaa cha kulinda umeme: chenyewe husubiri dakika chache kabla ya kuiruhusu kompresa iwake.

Je, zile televisheni za chogo zilikuwa bora? Kwa sehemu tu. Tunazozikumbuka ni zile zilizodumu. Zilizokufa mapema zilitupwa na hakuna anayezihesabu. Tena zilikuwa zikiharibika, ila fundi alitoa kipuri kimoja, akaweka kingine, kazi ikaisha. Leo vipuri vimeshindiliwa kwenye bodi moja, vingine vidogo kuliko punje ya mtama, na duka likishaishiwa bodi ya toleo lako, hakuna spea tena. Kwangu mimi hasara kubwa iko hapo, kuliko kwenye kuharibika kwenyewe.

Taa za nyuma ya kioo, walau, unaweza kuzipunguzia mzigo leo. Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa mwanga mkali ili zivutie dukani. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta mwanga wa taa za nyuma, ushushe hadi karibu nusu. Macho huzoea upesi, na hata joto la taa likipungua kidogo tu kuliko hapo awali, bado ni afadhali kuliko kuwaka kwa nguvu zote kila jioni.