Galaksi Hafifu Kuliko Anga Lenyewe

Hapa Kangemi taa za mulika mwizi huwaka hadi alfajiri, na sina ugomvi nazo. Mama anayeshuka matatu saa nne za usiku anazihitaji kuliko mimi ninavyozihitaji nyota. Ila zikichanganyika na taa za Waiyaki Way na majengo ya Westlands, anga hupata wekundu-wekundu unaomeza karibu kila kitu.

Lakini ziko galaksi ambazo hata uhamie Magadi, kwenye giza totoro, huzioni. Wengi hudhani ziko mbali mno, au ni ndogo. Wapi! Baadhi ni pana kama yetu, ila nyota zake ni chache na zimetawanyika. Kijiko cha Blue Band kwenye kipande kimoja cha mkate kinaonekana. Kipake mkate mzima, utaapa ni mkavu. Na anga la usiku lina mwanga wake hata pasipo na umeme: hewa ya juu hung'aa yenyewe, na vumbi lililo kati ya sayari huakisi jua. Ukipima eneo kwa eneo, galaksi hizi ni hafifu kuliko mwanga huo.

Dawa ni kupiga picha nyingi za mahali pamoja, kuzijumlisha, kisha kuondoa mwanga wa anga. Mwaka 1986, ustadi wa mwanaastronomia David Malin wa kuchakata picha za vioo ulisaidia kufichua Malin 1, galaksi jitu ambalo hakuna aliyelijua.

Kinachonifurahisha zaidi ni darubini ya Dragonfly. Wanaastronomia walioiunda, Pieter van Dokkum na Roberto Abraham, hawakutafuta kioo kikubwa. Walifunga pamoja lenzi za Canon za milimita 400, aina ile wanayobeba wapiga picha wa wanyama, wakazielekeza mahali pamoja kutoka New Mexico. Adui wao alikuwa mwanga wa nyota angavu unaosambaa ndani ya darubini, na lenzi hizo zina utando unaoupunguza. Mwaka 2015 walitangaza galaksi 47 za namna hii katika kundi la galaksi liitwalo Coma. Mojawapo, Dragonfly 44, inakaribia upana wa Njia ya Maziwa, lakini nyota zake ni takriban asilimia 1 tu ya zetu.

Coma si ngeni kwetu. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilionyesha kwamba eksirei za kundi hilo zimetanda kati ya galaksi. Zinatoka kwenye gesi ya moto sana, na gesi hiyo inashukiwa kuzipokonya galaksi malighafi ya kuzalisha nyota mpya.

Picha za anga za mradi wa Legacy Surveys ziko wazi kwenye intaneti. Unachohitaji ni bando. Andika Dragonfly 44, kuza, na usubiri doa la kijivu lisilo na kingo. Likiwa na kingo kali, huenda ni mwakisiko wa nyota angavu ndani ya darubini. Endelea mbele.