Ujumbe wa Kibaale Kwenye Kioo

Sogeeni, wajukuu zangu. Wa Ngara kaeni huku, wageni wetu wa Biharamulo huku, maana kioo cha kompyuta hii ni kidogo. Inaendeshwa na Linux. Naandika `vim`, nabonyeza Enter. Mmeona? Katikati yametokea maneno ya Kiingereza: wasaidie watoto maskini wa Uganda. Programu ya kuandikia, nayo inawaombea watoto! Ilikuwaje?

Mto wetu mnaujua. Ruvubu unatoka Burundi, unapita Ngara, unakutana na mwenzake karibu na maporomoko ya Rusumo, na kuanzia hapo ni Kagera. Unapanda kaskazini, unakata mashariki, unaingia Ziwa Victoria upande wa Uganda. Huko, jirani na mpaka wetu, kuna Rakai, na ndani ya Rakai kuna Kibaale.

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wakivuka Rusumo kwa maelfu kuja kwetu, Mholanzi Bram Moolenaar alikuwa Kibaale, amejitolea mwaka mzima kwa kazi ya maji na usafi. Ukimwi ulikuwa umewachukua wazazi wengi wa Rakai, kama ulivyowachukua wa Kagera, na kituo cha pale kiliwasomesha yatima. Bram alikuwa ametoa Vim tangu 1991. Akaiacha iwe bure kwa kila mtu, akaomba jambo moja tu: ukiipenda, wachangie watoto wa Kibaale. Alifariki Agosti 2023. Michango sasa inapokelewa na shirika la Canada liitwalo Kuwasha. Ndiyo, neno letu hilihili.

Sasa tushike kazi. Kwenye Debian, yaani Linux ya kompyuta hii, Vim huja kama kifurushi: `sudo apt install vim`. Kifurushi kina watunzaji wake. Wakirekebisha dosari, tunayapata marekebisho kwa `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Wameandika mapendeleo yao ndani ya `/etc/vim/vimrc`, faili lililokuja na kifurushi. Ni sawa na kuchora ramani yako kwenye ukuta wa darasa. Likizo fundi rangi anakuja. Debian ina adabu, haifuti kimyakimya. Likija toleo jipya la faili hilo, inakuuliza: nibakize lako au niweke la mtunzaji? Ukijibu N, lako linabaki. Ukibonyeza Y kwa haraka, lako linasukumwa kando na kuongezewa `.dpkg-old` mwishoni mwa jina.

Basi chora kwenye daftari lako mwenyewe. Daftari hilo ni `.vimrc`, ndani ya folda yako ya nyumbani. Nukta ya mbele hulificha. Andika `vim ~/.vimrc`, bonyeza `i`, halafu:

`set number`
`set linebreak`

Amri ya kwanza inahesabu mistari. Ya pili nimeipenda kwa ajili ya Kiswahili: maneno yetu marefu kama "hawakutukaribisha" hayakatwi katikati yakifika ukingoni mwa kioo. Bonyeza Esc, andika `:wq`, Enter. Fungua tena. Namba hizo pembeni! Kifurushi kikisasishwa, hili faili hakiligusi.

Haya, mdogo kuliko wote aje akae hapa kwenye kibodi. Andika `:help uganda`, mwanangu. Soma polepole, nami nitawatafsiria wenzako habari za Kibaale.