Dhegdheer: Zimwi lililoipa njaa sura

Kama ulikulia Garissa, kuna jina moja lililokufanya ulale mapema: Dhegdheer. Kwa Kisomali maana yake ni mwenye sikio refu. Ni mwanamke mla watu, mbio zake hakuna anayeziweza, na kwa sikio hilo husikia hatua za mtoto aliye mbali porini.

Ayeeyo, yaani nyanya, huanza, "Sheeko sheeko!" Watoto hujibu, "Sheeko xariir!" Hadithi ya hariri. Ndiyo paukwa-pakawa ya Wasomali.

Sasa usidhani ni stori ya kutisha watoto tu. Mfugaji anayehamahama na ngamia wake hana ukuta wala taa ya barabarani, na fisi hana huruma. Ukimwambia mtoto "usiende mbali", atasahau. Ukimwambia Dhegdheer anasikia, hatoki!

Lakini kuna zito zaidi. Husimuliwa kwamba zimwi hilo lilipokuwa hai, mvua ilikatika na nchi ikakauka. Lilipokufa, mvua ikanyesha, malisho yakachipuka. Yaani njaa ilipewa sura, ikapewa na mwisho. Hadithi haileti mvua, ila humpa mtu nguvu ya kuingoja.

Kumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa 2020. Mvua ilifeli misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Takwimu zilitueleza tumepoteza nini. Hazikumwambia mzee aliyebaki na mbuzi wawili kwa nini aamke kesho. Mwishoni mwa 2023 mvua ikaja kweli, tena kwa fujo: Mto Tana ukafurika, watu wakahama makwao.

Utabiri wa hali ya hewa tunauhitaji, hilo halina mjadala. Ila utabiri hukwambia mvua itanyesha lini. Haukufunzi kuvumilia mpaka inyeshe.

Na unajua nani alimmaliza Dhegdheer? Katika masimulizi mengine, binti yake mwenyewe ndiye aliyewaficha wageni na kusaidia kumuua mama yake. Aliyelelewa ndani ya ubaya ndiye aliyekataa kuuendeleza. Hiyo ni stori ya kijana, si ya mtoto.

Basi leo jioni, weka TikTok kando kidogo. Mketie ayeeyo karibu, washa rekoda ya simu, kisha mwambie: sheeko sheeko. Ukingoja sana, utabaki na simu bila hadithi.