Ahsante yenye jina: namna ya kushukuru bila kujilazimisha

Hebu itazame chai yako ya asubuhi, ile yenye karafuu. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua. Kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, hapa Unguja, tumba hilo huchumwa kwa mkono, hutenganishwa na makonyo, kisha huanikwa juani. Kikombe kimoja, mikono mingapi? Lakini tukishazoea kitu, akili huacha kukiona.

Ndipo shukrani inapofanya kazi: inaturudisha tutazame tena. Mwaka 2003, wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha majaribio yao. Katika mojawapo, kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi 5 wanayoyashukuru. Jingine likaandika karaha. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi.

Usitarajie muujiza, lakini. Tafiti nyingi zikijumlishwa, faida ipo ila ni ndogo. Daftari la shukrani halichukui nafasi ya matibabu ya sonona.

Sasa ufanyeje?

Kwanza, taja kitu chenyewe. "Nashukuru kwa kila kitu" haikumbushi lolote. "Jirani kanichotea ndoo mbili mfereji ulipokauka" inakumbusha.

Pili, usijichoshe. Mara moja kwa wiki, tuseme Ijumaa jioni, inatosha kuanzia.

Tatu, mwambie mhusika. Mwaka 2018, Amit Kumar na Nicholas Epley walionesha kwamba watu wanaoandika barua za shukrani hudhani mpokeaji ataona haya kuliko anavyoona kweli, na hawakisii furaha atakayoipata. Basi ujumbe mfupi wa sauti kwa mwalimu wako wa zamani si usumbufu kama unavyodhani.

Jambo moja tusilichanganye: kushukuru si kufumba mdomo. Mchumaji karafuu anaweza kushukuru kwa kupata kazi na bado akadai ujira wake wote. Akikwambia mtu "wewe shukuru tu" wakati haki yako imecheleweshwa, hakufundishi shukrani, anakunyamazisha. Na sisi tunaokunywa chai, ahsante yetu kwa mchumaji ina uzito pale tu anapolipwa.

Wiki hii anza na mtu mmoja. Mtaje kwa jina, taja alilokufanyia, kisha mwambie.