Kondoa na Chemba: Urithi wa Lugha Unaopaswa Kutunzwa Mapema

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Wageni wengi hufika Kolo, wilayani Kondoa, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wachache hufahamu kwamba eneo hilo lina urithi mwingine, nao upo vinywani mwa wenyeji.

Kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma hukutana lugha zenye asili tofauti kabisa. Kirangi na Kigogo ni za Kibantu. Kialagwa na Kiburunge ni za Kikushi. Kimaasai na Kidatoga ni za Kinailoti. Kisandawe, kinachozungumzwa Kwa Mtoro na Farkwa wilayani Chemba, kina konsonanti za vidoko zinazotolewa kwa kufyonza ulimi, na wanaisimu hadi leo hawajaafikiana kuhusu nasaba yake. Ni nadra kukuta mchanganyiko wa namna hii kwingineko barani Afrika.

Ujirani huo umeacha alama. Katika baadhi ya kauli za wakati ujao, Kirangi hutanguliza kitenzi kikuu, kisha kitenzi kisaidizi, mpangilio ulio adimu katika lugha za Kibantu. Baadhi ya wataalamu huuhusisha na mwingiliano wa muda mrefu na majirani Wakushi. Historia hiyo haimo katika hati yoyote ya kale. Imo katika sarufi.

Ikumbukwe kuwa tishio halitoki Kiswahili peke yake, ingawa ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967. Waalagwa wengi wamehamia Kirangi, lugha ya jirani mwenye idadi kubwa zaidi, kupitia ndoa, biashara na maisha ya kila siku. Kiasaksi, lugha nyingine ya Kikushi iliyozungumzwa katika nyika ya Wamaasai, kilikoma katika miaka ya 1970 baada ya wasemaji wake kuhamia Kimaasai.

Kazi ya kuhifadhi imeanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na Umoja wa Mataifa umetenga 2022 hadi 2032 kuwa Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Asili. Hata hivyo, atlasi pekee haitoshi kuihifadhi lugha. Kwa Kisandawe, ambacho watoto bado hujifunza nyumbani, nafasi ingalipo. Kwa Kialagwa, wazee wanaokifahamu vyema wanazidi kupungua.