Kinu Kimoja, Michi Mitatu

Hadithi, hadithi! Najua mtakavyojibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo, wajukuu zangu, uongo tumeufungia nje pamoja na mbuzi. Utamu na uje peke yake, maana mtu nitakayewasimulia habari zake ni wa kweli, na kazi yake inasikika hadi leo.

Tuanzie hapahapa kwetu Kinyangiri. Siku mashine ya kusaga ikiharibika, kinu hutolewa stoo na mtama ukatwangwa kama zamani. Mama wa kwanza anashusha mchi: tu! Kabla hajaunyanyua vizuri, wa pili anashusha wake: ta! Wakishazoeana, anaingia wa tatu. Hakuna anayekimbia. Kila mmoja anatwanga kwa mwendo wake wa kawaida. Lakini wewe uliye mbali, kule kwenye alizeti, unasikia mapigo yanamiminika mbiombio, ungedhani anatwanga mtu mmoja mwenye mikono sita. Mtu huyo hayupo. Wamemuumba akina mama watatu wanaojua kuachiana nafasi.

Sasa twende Uganda. Kwa Waganda kuna marimba kubwa iitwayo amadinda: mbao 12 zilizolazwa juu ya migomba miwili iliyokatwa. Wapigaji ni watatu, na kila mmoja ana jina la kazi yake. Omunazi anaanza. Omwawuzi anakaa upande wa pili na kupiga katikati ya mapigo ya mwenzake, kama mchi wa pili. Omukoonezi anasikiliza sauti za chini zinazotokea wawili hao wanapopishana, kisha anazirudia juu kwa mbao mbili tu. Mkono wa kila mmoja unakwenda taratibu, ila wimbo unakwenda kasi kuliko mkono wowote.

Katika nchi yenye muziki huo alizaliwa Justinian Tamusuza, mwaka 1951. Alilelewa katika ngoma za Kiganda: kupiga, kuimba na kucheza. Baadaye akawa mtunzi wa muziki wa klasiki.

Naona mjukuu mmoja amenyoosha mkono. "Bibi, mtunzi si ndiye mwimbaji?"

Hapana, mjukuu wangu. Mnaukumbuka wimbo wa Pasaka, *Mfurahini, Haleluya*? Maneno yake aliyaandika Mtanzania, Bernard Kyamanywa, mwaka 1966, yakaimbwa kwa sauti ya Kihaya. Leo unaimbwa hata kwa Kijerumani na Kiingereza, na wanaouimba huko hawajawahi kukutana naye. Wimbo ukishaandikwa hutembea bila mwenyewe. Mtunzi wa klasiki anakwenda mbali zaidi: haandiki maneno na sauti tu, anaandika kila mpigaji afanye nini, aanze lini, anyamaze lini, apige kwa nguvu au kwa upole. Mwalimu wa kwaya anapowagawia karatasi ya nota, soprano, alto, tenor na besi, kila sauti na mstari wake, mnashika mkononi kazi ya namna hiyo.

Tamusuza alifundishwa na Padri Anthony Okelo, naye mtunzi wa Uganda. Kisha akavuka bahari hadi Belfast, Ireland ya Kaskazini, katika Chuo Kikuu cha Queen's. Huko mwalimu wake alikuwa Kevin Volans, mtunzi aliyezaliwa Afrika Kusini, ambaye naye alikuwa akijiuliza muziki wa Afrika utaandikwaje kwa ajili ya vyombo vya Ulaya. Kutoka hapo alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, akasoma kwa Alan Stout hadi akapata udaktari wa utunzi. Si udaktari wa sindano, wajukuu zangu, ni wa nota.

Aliyesoma mbali hivyo angeweza kuona haya kwa ngoma za kwao. Tamusuza hakuona haya: aliketi akatunga muziki wa wapigaji wanne: fidla mbili, viola na sello. Vyombo hivyo ni ndugu wa zeze letu, vinapigwa kwa upinde, na kila kimoja kina nyuzi nne. Muziki huo akaupa jina la Kiganda, *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*. Semeni polepole. Mmesikia? *Omusaalaba* ni msalaba. Jina lote maana yake ni "Katika njia ya msalaba". Ndani yake vipande vifupi vinajirudia na kupishana, huyu akijaza pengo la yule. Vyombo vya Ulaya, lakini vinatwanga kwa zamu.

Marekani kuna kundi la wapigaji wanne liitwalo Kronos Quartet, lililoanzishwa na mpiga fidla David Harrington mwaka 1973. Mwaka 1992 walitoa albamu iitwayo *Pieces of Africa*, yenye kazi nane za watunzi saba, wakiwemo Hamza El Din wa Sudan, Dumisani Maraire wa Zimbabwe na Volans mwenyewe. Humo wakaipiga sehemu ya kwanza ya muziki wa Tamusuza, kwa jina lake lilelile la Kiganda: *Ekitundu Ekisooka*. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha mbili za jarida la Billboard, ile ya muziki wa klasiki na ile ya muziki wa dunia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, akatunzwa na ughaibuni pia.

Naye alirudi. Alifundisha utunzi katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, na mke wake, Sylvia Nannyonga-Tamusuza, mtafiti wa muziki wa chuo hicho, mwaka 2005 alitoa kitabu kizima kuhusu ngoma ya baakisimba. Wala Tamusuza hakuwa Mganda wa kwanza kuishika njia ya utunzi. Kabla yake Mganda mwingine, Joseph Kyagambiddwa, alitunga kazi kubwa ya kwaya kuhusu Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964, walipotangazwa watakatifu.

Hadithi yangu imefika ukingoni, lakini siwaachi bila kazi. Jioni hii kaeni wawili wawili. Mmoja agonge meza taratibu, asiongeze mwendo hata akichekeshwa. Mwenzake agonge katikati ya mapigo yale, asiyaguse. Mtakosea, mtacheka, mtaanza tena. Mkipatia, mtasikia kitu ambacho hakuna kati yenu anayekipiga. Hapo chukueni daftari. Chora nukta kwa pigo lako, msalaba kwa la mwenzako, mpaka mstari uishe. Kesho mpelekeeni mtoto wa darasa lingine karatasi hiyo, bila kumwambia neno. Akiweza kuigonga kama mlivyoigonga ninyi, mmekwisha kuanza kutunga.