Joto la Kaskazi na Hatari ya Maji

Majira ya kaskazi yafikapo, kati ya Desemba na Machi, joto huzidi pwani yetu, na vijana hukimbilia baharini kujiburudisha. Kuogelea ni jambo jema. Lakini aingiaye majini yampasa ayajue kwanza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na karibu nusu yao hawakutimiza miaka 30.

Hatari kubwa ni mkondo. Maji yaliyosukumwa na mawimbi hadi ufukweni hurudi kwa nguvu penye mwanya wa mwamba, na mara nyingi hapo juu huonekana pametulia. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na upevukapo, maji hupwa na kujaa kwa nguvu zaidi. Aliyechukuliwa asishindane na mkondo: aelee, kisha aogelee sambamba na pwani mpaka atoke, ndipo arudi. Nanyi mlio nchi kavu, msijitose ovyo, maana huenda mwokozi akazama pamoja na aokolewaye. Mtupieni kamba, ubao au dumu tupu lililozibwa, na muwaite wavuvi.

Enyi wazazi, msiwaache watoto peke yao majini. Uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu, nasi tutaulizwa jinsi tulivyoitunza.